Helikopta hailali mlimani

Vijana wenzetu, kila habari ya Kivu ikifika hapa kambini, tunasikia neno moja: "Walete tena kikosi kama kile cha 2013, na helikopta, vita itaisha." Sisi tunasema ngojeni kwanza, tukumbuke vizuri.

Ni kweli, 2013 kilisaidia. Brigedi ya Umoja wa Mataifa, yenye askari wa Tanzania, Afrika Kusini na Malawi, na kombania ya kikosi maalum ndani yake, ilipigana pamoja na FARDC. Helikopta za Rooivalk za Afrika Kusini zikapiga kutoka juu, FARDC wakapanda kwa miguu. Novemba M23 wakaachia vilima vya Chanzu na Runyonyi, kule Rutshuru.

Lakini helikopta inapiga halafu inarudi uwanjani. Anayebaki mlimani ni askari wa nchi. Huyo akikaa bila mshahara, akaanza kusimamisha mama wa sokoni awatoe pesa, nani atamletea habari adui akikaribia? Na yale yaliyosainiwa Nairobi Desemba 2013, kuhusu wapiganaji kurudi nyumbani, hayakutimizwa yote. Basi Novemba 2021 vita ikaanza tena pale pale, Chanzu na Runyonyi. Januari 2025 Goma ikaanguka.

Kwa hiyo tukiulizwa maoni, tusiombe ndege tu. Tuombe pia askari alipwe, raia aheshimiwe, na kilichosainiwa kifuatwe. Bila hivyo tutavikimbia vilima vile vile mara ya tatu.