Breki zipimwe Mueda kabla magari hayajashuka

Wapenzi wa mbio za magari wa Afrika Mashariki wanamkumbuka Ari Vatanen, raia wa Finland aliyeshinda Safari Rally nchini Kenya mwaka 1983 akiendesha Opel. Miaka mitano baadaye alikwenda Marekani, akaupanda mlima wa Pikes Peak, Colorado, kwa Peugeot, juu ya barabara ya changarawe, akatumia dakika 10 na sekunde 47. Njia hiyo ina kilomita zipatazo 20 na kona 156, na kilele chake kiko mita 4,302 juu ya usawa wa bahari. Mwaka 2018 Mfaransa Romain Dumas aliipanda kwa gari la umeme la Volkswagen katika dakika 7 na sekunde 57. Habari hizo za kupanda huvuma dunia nzima. Habari ya kushuka haivumi, nayo ndiyo inayotuhusu zaidi. Washindani wa Pikes Peak husubiri juu hadi wa mwisho afike, kisha huteremka pamoja, polepole. Na siku za kawaida, mtalii anayeshuka na gari lake husimamishwa mahali paitwapo Glen Cove, breki zake zikapimwa joto. Zikiwa zimechemka kupita kiasi, huambiwa akae pembeni mpaka zipoe. Mlima uliojipatia jina kwa kasi umewekewa kituo cha kuwatuliza wanaoshuka.

Kwetu Cabo Delgado, kaskazini mwa Msumbiji, hakuna mashindano ya namna hiyo, lakini mlima tunao. Mueda iko juu ya nyanda za Wamakonde, karibu mita 800 kutoka usawa wa bahari, na Mocímboa da Praia iko ufukweni, mwendo wa kilomita 100 hivi. Gari linalopeleka samaki wakavu, chumvi na mafuta juu, likarudi na korosho na abiria, lazima lizishuke mita hizo zote kabla ya kuzifikia nyanda za chini za Diaca na Awasse. Upande wa pili, kuelekea Negomano na Daraja la Umoja lililofunguliwa mwaka 2010, barabara inateremka kwenda bonde la Ruvuma. Ng'ambo ya mto, Tanzania, hali ni hiyo hiyo: Newala imekaa ukingoni mwa nyanda, na dereva anayetoka huko kwenda Masasi hana njia ya kuukwepa mteremko wake. Tukiwasifu madereva wetu, tunawasifu kwa kupanda: fulani alipita na mzigo mzito, hakusimama, hakubadilisha gia mara mbili. Wazee walisema mpanda ngazi hushuka. Msemo huo tumezoea kumrushia mwenye majivuno, lakini kwa dereva wa lori ni maelezo kamili ya kazi yake.

Hebu tupige hesabu. Lori la tani 30 likishuka mita 500 kwa mwendo ule ule, bila kuongeza kasi, uzito wake unazalisha joto la kutosha kuchemsha maji ya mapipa mawili ya lita 200. Joto hilo lazima liende mahali. Dereva akiwa kwenye gia ya pili au ya tatu, injini inabeba sehemu kubwa ya kazi. Akitoa gia ili aokoe mafuta, joto lote linaangukia breki. Zikichemka, hata pedali ikanyagwe mpaka chini, gari halishiki. Hapo watu husema breki zimekataa, kama kwamba chuma kina hiari yake, ilhali kosa lilitendeka kilomita kadhaa nyuma, pale gia ilipotolewa. Madereva wa Kitonga, mkoani Iringa, wanalijua jambo hili vizuri. Sifa mbaya ya mlima ule imetokana hasa na malori mazito yanayoshuka.

Kwa nini basi huku kaskazini hatulizungumzi? Nadhani ni kwa sababu neno usalama tumeliachia bunduki. Kati ya mwaka 1964 na 1974, wakati wa vita vya uhuru, njia ya Mueda ilikuwa njia ya mabomu yaliyotegwa ardhini na misafara ya jeshi la Wareno. Tangu Oktoba 2017, Mocímboa iliposhambuliwa, hofu imerudi barabarani, na kila anayesafiri huuliza kwanza kama njia iko salama, akimaanisha wavamizi. Swali ni la haki kabisa. Lakini hofu hiyo nayo inasukuma mguu kwenye mafuta: dereva anataka kulivuka pori haraka, jua halijazama, na chapa, yaani basi dogo la abiria, lililojaa mpaka juu ya paa linateremka kwa kasi ambayo breki zake haziiwezi.

Wapo watakaosema tatizo ni barabara mbovu, na lami ikija mambo yatatengemaa. Nina shaka kubwa. Pikes Peak ilimalizwa kutiwa lami mwaka 2011. Mwaka 2013 Sébastien Loeb akapanda kwa dakika 8 na sekunde 13. Magari nayo yalikuwa yameboreka, ni kweli, lakini hakuna anayebisha kwamba lami ilichangia. Mashimo, kwa ubaya wake wote, humlazimisha mtu kwenda polepole. Yakizibwa, mteremko unabaki ule ule na kasi inaongezeka. Kwa hiyo wanaochora barabara za huku wachore pia vichochoro vya mchanga ambamo lori lililoshindwa kusimama litazama na kutulia. Kuviweka tangu mwanzo ni rahisi kuliko kuja kuukata mlima upya.

Pingamizi zito zaidi ni lile la kusimamisha magari. Kusimama njiani ni hatari, na kila kizuizi kipya mwananchi hukiona kama mfuko mwingine wa kutilia hela. Siwezi kulipuuza hilo. Ndiyo maana kipimo kisiwekwe njiani. Kiwekwe Mueda mjini, gari linapopakia, penye watu na ulinzi. Hapo hakuna joto la kupima bado, ila kuna upepo wa breki, mabomba yanayovuja, matairi na uzito wa mzigo. INATRO, taasisi ya taifa ya usafiri wa barabarani, watoe fundi badala ya mtu wa faini; kasoro ibandikwe ubaoni abiria waisome, na adhabu iwe moja tu: gari halishuki mpaka litengenezwe. Abiria aliyekwisha kusoma kwamba breki zinavuja hatakubali kupanda, na wala hatahitaji polisi wa kumshusha. Kazi ianze na malori ya Negomano, kwa sababu hayo ndiyo yenye mzigo mzito na safari ndefu, halafu yafuate machapa ya Mocímboa.