Noti za Kale Ambazo Hazikuwapo

Ulaya na Marekani, na hata kwingineko, wapo watu wanaokusanya noti za kubuni. Noti hizi hupigwa chapa na watu binafsi, zikiwa na namba, nakshi, na sura za Mafarao wa Misri, makaisari wa Roma au miungu ya Ugiriki. Hakuna Benki Kuu iliyozitoa, wala duka litakalozipokea. Thamani yake ni ile tu ambayo mkusanyaji mmoja yu tayari kumlipa mwenziwe.

Hatuna ugomvi na mtu anayejiburudisha kwa jasho lake. Lakini walimu na watumishi wa umma, ambao ni walezi wa fikra za taifa, hawana budi kukumbuka kwamba Misri ya Mafarao, Ugiriki na Roma za kale hazikuwa na noti kamwe. Sarafu zilianza Lidia, katika Uturuki ya leo, yapata karne ya 7 kabla ya Kristo. Fedha ya karatasi ilizaliwa China, ambako serikali ya Song iliitoa katika karne ya 11. Basi noti yenye sura ya Kaisari Augusto haihifadhi historia, bali inaibuni.

Noti ya drakma 50 iliyotolewa na Benki ya Ugiriki mwaka 1978 nayo ilikuwa na sura ya kale, ya mungu Poseidoni. Tofauti ni kwamba nyuma yake kulikuwa na dola na kazi ya wananchi. Drakma iliacha kutumika mwaka 2002, lakini kabla ya hapo mfanyakazi alilipwa ujira wake kwa fedha hiyo.

Mtoto wetu anayevutiwa na fedha za kale hana haja ya kubuniwa chochote. Masultani wa Kilwa walifua sarafu za shaba, upande mmoja jina la mtawala, upande wa pili maneno ya kumtegemea Mungu yenye kina kinacholingana na jina hilo. Mwaka 1944 baadhi ziliokotwa visiwa vya Wessel, kaskazini mwa Australia. Huo ni ushahidi wa biashara na safari, si mchezo wa mpiga chapa.

Kwa hiyo noti ya kubuni ikiingia darasani, mwalimu asiifukuze. Awaulize wanafunzi: nani aliitoa? Nani aliahidi kuilipa? Watu wanaochorwa humo walitumia karatasi? Kisha awafundishe habari za Kilwa. Mwacha asili ni mtumwa.