Mwalimu na Jamaa: Tuhesabu Watu kwa Umri Wao



Juma hili tuzungumze juu ya hesabu ya watu. Tukiulizwa, «Kijiji chenu kina watu wangapi?», twajibu mara moja: elfu moja, elfu mbili. Jibu hilo si baya, lakini halitoshi. Anayetaka kujenga shule, kuchimba kisima au kuweka mwuguzi hana budi kuuliza swali la pili: watu hao wana umri gani? Kwa maana vijiji viwili vyaweza kuwa na hesabu moja ya watu, na mahitaji yao yasifanane hata kidogo.

Maandiko Matakatifu yatufundisha jambo hilo. Katika Kitabu cha Hesabu, Mungu amwagiza Musa kuwahesabu watu wake, wala si kwa namna moja tu. Kwa ajili ya vita wahesabiwa wanaume wenye miaka 20 na zaidi. Walawi wahesabiwa tangu mtoto mwanamume wa mwezi mmoja. Kwa kazi ya kuchukua vyombo vya Hema Takatifu wahesabiwa wenye miaka 30 mpaka 50. Na Mlawi aliyetimiza miaka 50 alipumzishwa kazi nzito, akabaki kuwasaidia ndugu zake. Taifa lilikuwa moja na safari yao moja, lakini kila kazi ilikuwa na daftari yake.

Sasa tutazame nchi yetu. Hesabu ya watu wote wa Kongo ilifanywa Julai 1984, wakaonekana watu wapata milioni 30. Kwa muda wa miaka 40 iliyofuata haikufanywa nyingine. Kwa hiyo hesabu tunazozisikia, zinazopita milioni 100, ni makadirio ya wataalamu. Makadirio hayo yaonyesha kwamba katika Wakongo 100, watu 46 hivi hawajatimiza miaka 15, na waliopita miaka 65 ni kama 3 tu.

Tuchukue mfano wa kijiji cha watu 1,000 chenye umri kama wa nchi nzima. Kila mwaka watazaliwa humo watoto wapata 40. Basi mkunga ajitayarishe kwa wazazi 40, na mwuguzi awe na chanjo ya surua kwa watoto hao watakapofika miezi tisa. Miaka sita baadaye, direkta wa shule atapokea mlangoni watoto 35 au zaidi. Darasa la kwanza la mwaka wa sita toka leo sasa hivi liko migongoni mwa mama zao! Anayesema kwamba wanafunzi wamemjia kwa ghafula hakutazama migongo ya akina mama.

Twakumbuka yaliyotokea Septemba 2019, serikali ilipoondoa malipo katika shule za msingi za umma. Watoto walifurika, madawati yakapungua, walimu wengine wakasimama mbele ya watoto mia. Watoto hao hawakushuka kutoka mbinguni siku ile. Walikuwa vijijini siku zote, tulikuwa hatujawaandika.

Lakini vijiji vya mbali havifanani sikuzote na mfano huo. Mtazameni teritwari ya Shabunda, katika Kivu ya Kusini. Ukubwa wake wakaribia ule wa Rwanda nzima, na sehemu kubwa ni msitu. Barabara ya kutoka Bukavu iliharibika miaka mingi, hata bidhaa nyingi zikachukuliwa kwa ndege. Tena nchi hiyo ina dhahabu. Mwaka 2014 na 2015 mashine za kunyonya mchanga wa dhahabu zilifanya kazi katika mto Ulindi. Palipo na dhahabu, vijana huhama.

Kijana akihama, vijiji viwili vyabadilika kwa siku moja. Kule machimboni wanazidi wanaume wenye nguvu, na wasichana wanaofuata biashara. Mahali pale pahitaji maji safi, vyoo, dawa za vidonda, na msaada kwa mama anayejifungua mbali na jamaa yake. Katika kijiji alichokiacha wamebaki bibi na wajukuu. Hesabu ya nyumba ni ile ile, bali mikono ya kazi imepungua.

Fikirini juu ya mgonjwa mmoja tu. Hospitali iko mwendo wa siku moja. Kuchukua tipoyi kwahitaji wanaume wanne, na wengine wanne wa kupokezana. Kijiji chenye vijana chamfikisha mgonjwa kabla ya usiku. Kijiji cha wazee na watoto chakosa wachukuzi, na mama aliyeshindwa kujifungua anakufa nyumbani, ingawa karatasini vijiji hivyo viwili viko sawa kwa hesabu ya watu na kwa umbali. Kwa kijiji cha namna hiyo, yafaa mwuguzi awafuate watu siku iliyopangwa kila mwezi, na mama mwenye mimba apelekwe karibu na hospitali kabla ya siku zake kutimia. Kisima nacho kichimbwe karibu na nyumba, kwa maana bibi wa miaka 70 hawezi kupanda kilima na ndoo kichwani.

Wako watakaosema: «Mwalimu, hesabu yaleta kodi.» Hofu hiyo ina asili yake. Wakati wa ukoloni watu waliandikwa ili watozwe kodi ya kichwa na kupewa kazi za lazima, hata wengine wakakimbilia msituni. Wengine wasema kwamba kuhesabu watoto kwaleta kifo. Lakini mchungaji mwema wa Injili alijuaje kwamba kondoo mmoja amepotea? Ni kwa sababu aliwajua mia yake. Kanisa nalo lina desturi hiyo ya zamani. Mtaguso wa Trento uliagiza mwaka 1563 kila paroko awe na kitabu cha ndoa, na Rituale ya Roma ya mwaka 1614 ikaeleza pia kitabu cha hali ya roho, kinachoandikwa nyumba kwa nyumba.

Basi tufanye nini? Katekista na mwalimu, kwa ruhusa ya kapita, wapite nyumba kwa nyumba. Waandike wanaume upande mmoja na wanawake upande wa pili, kwa mafungu haya: walio chini ya mwaka 1, miaka 1 mpaka 5, 6 mpaka 11, 12 mpaka 17, 18 mpaka 35, 36 mpaka 59, na 60 na zaidi. Waliohama waandikwe pembeni. Tena wasiandike Wakatoliki peke yao. Mprotestanti, Mwislamu na asiyebatizwa wanakunywa maji ya kisima kile kile.

Mzee asiyejua mwaka wake asaidiwe kwa matukio: alikuwa mtoto au mtu mzima siku ya uhuru, 30 Juni 1960? Wakati wa vita vya Wasimba, 1964? Alikuwa amekwisha kuzaa ilipofanywa hesabu ya 1984? Na wazazi wakumbuke kwamba sheria yaagiza kila mtoto aandikishwe kwa serikali katika siku 90 baada ya kuzaliwa. Cheti cha ubatizo hakichukui nafasi ya cheti hicho.

Daftari ikiisha, ipelekwe kwa shefu, kwa mwuguzi mkuu na kwa direkta wa shule. Mfadhili akija, asijibiwe, «Sisi ni wengi, tusaidie.» Aonyeshwe mistari. Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Na binadamu, aliyeumbwa kwa sura ya Mungu, ni zaidi ya mali.

Kazi ya wanafunzi juma hili: andikeni umri wa kila mtu wa nyumba yenu na ya majirani wawili. Kisha mjibu swali moja: usiku wa leo mtu akiugua, nani watainua tipoyi?