AFYA YA JAMAA: Mguu Mmoja Ukivimba Ghafula

Katika Rufiji na Kibiti mguu mkubwa si kitu kigeni. Wazee wengi wana matende, ugonjwa uletwao na mbu, nasi tumezoea hata twasema, "Huyo naye ameanza tende." Mazoea hayo yaweza kuua.

Mfikirie mama wa Mbwera aliyejifungua juzijuzi. Yumo ndani, angoja arobaini yake, kutwa kitandani. Maji matamu huletwa kwa mtumbwi, na wakati wa bamvua visima huingia chumvi. Basi mama hunywa kidogo ili watoto watosheke. Siku moja shavu la mguu wa kushoto lauma. Kesho yake mguu wote umevimba, una moto. Mkwewe ataka kumwita mchuaji. Asiitwe!

Matende huja polepole, kwa miezi na miaka. Mguu mmoja uliovimba kwa siku moja au mbili, hasa wa mzazi, huenda ni damu iliyoganda mshipani. Ukiuchua, bonge laweza kung'oka likaenda mpaka mapafuni. Hapo mtu huhema kwa shida, kifua humchoma, pengine hukohoa damu. Wengine hufa palepale.

Mtu mzima ana damu kadiri ya lita 5, na zaidi ya nusu yake ni maji. Damu huganda mahali pasipotakiwa kwa sababu tatu, ambazo madaktari huzitaja pamoja na jina la Rudolf Virchow, daktari Mjerumani wa karne ya 19: damu kwenda polepole, ukuta wa mshipa kuumia, na damu yenyewe kugeuka. Mwili wa mzazi huongeza nguvu ya kugandisha damu ili asitokwe na damu nyingi mno. Ni rehema ya Mungu, lakini nguvu hiyo hubaki wiki kama 6. Tena amelala, damu yaenda polepole. Kiu nayo huifanya nzito. Kiu peke yake si kawaida kuleta bonge. Ikiongezwa juu ya hayo mengine, ndipo hatari.

Juu ya kuumia kwa mshipa, nina neno kwa wavuvi. Ayeyushaye risasi ya betri kuukuu apate chubwi za nyavu huvuta sumu yake. Risasi, na zebaki wanayoichoma wachimba dhahabu kule Geita, huudhuru mshipa. Katika maabara imeonekana kuharakisha damu kuganda. Habari hiyo bado yachunguzwa, lakini kwamba risasi hupunguza damu na kuharibu akili za watoto, hakuna shaka. Isiyeyushwe jikoni wala uani.

Mzazi apewe maji yaliyochemshwa, uji na madafu mpaka mkojo wake uwe mweupe. Akiwa na nguvu atembee nyumbani mapema. Arobaini haimkatazi kuzunguka uani. Bibi zetu watanung'unika kidogo, tuwavumilie.

Mguu ukivimba hivyo, usichuliwe wala usifungwe kamba. Hospitali ina dawa ya kuzuia bonge lisikue, nayo hupimwa na daktari, haiazimwi kwa jirani. Katika mito ya delta maji yakipwa mashua hukwama. Basi mguu ukionekana usiku, nahodha aamshwe usiku uleule.