Marburg haisubiri tamko la Dodoma

Januari 14, 2025, Shirika la Afya Duniani (WHO) lilisema watu 9 mkoani Kagera walihisiwa kuugua Marburg, na 8 kati yao wamekwishafariki. Kesho yake Wizara ya Afya ikajibu kuwa sampuli zilizopimwa hazina virusi vya Marburg. Januari 20, Rais Samia Suluhu Hassan, akiwa na Mkurugenzi Mkuu wa WHO, Tedros Adhanom Ghebreyesus, akathibitisha kuwa mgonjwa mmoja amekutwa navyo.

Anayeona siku tano kati ya kauli hizo mbili ni chache haijui Marburg. Virusi vyake huambukiza kwa damu, matapishi na majimaji mengine ya mwili, hata ya marehemu. Aliyesikia redioni kuwa hakuna ugonjwa ataosha maiti ya nduguye kwa mikono mitupu, kama mila inavyomtaka, na dalili zinaweza kuchukua hadi siku 21 kumfika. Zikianza, atapanda daladala mara ngapi kabla ya kujua anaugua nini?

Mlipuko ulitangazwa kwisha Machi 13. Waliohesabiwa ni 10, na wote walikufa. Wa kwanza alianza kuumwa Desemba 9, zaidi ya mwezi mzima kabla ya tamko lolote.

Jirani zetu Rwanda walitangaza mlipuko wao Septemba 27, 2024. Wakazuia watu kutembelea wagonjwa hospitalini, wakapunguza waombolezaji mazishini, na siku 9 baadaye wakaanza kuwachanja wahudumu wa afya kwa chanjo ya majaribio. Waliugua 66, wakafa 15. Ni kweli wengi wao walikuwa wahudumu wa afya waliopata tiba ya karibu, hivyo vifo vya pande hizi mbili havipimwi kwa mizani moja. Kasi inapimika.

Kisingizio cha kuepusha taharuki, au kulinda utalii, hakina mashiko. Kagera ilikwishapata Marburg Machi 2023, hivyo ugonjwa huo haukuwa mgeni kwa mtu yeyote wizarani. Sampuli kutoonyesha virusi leo si hati ya kusafisha wilaya nzima.

Wizara itenganishe tahadhari na uthibitisho. Vifo vya kutatanisha vikitokea kijijini, Mganga Mkuu wa Mkoa awe na mamlaka ya kutangaza tahadhari siku hiyohiyo, kusimamisha uoshaji wa maiti na kuanza kuwafuatilia waliowagusa wagonjwa. Majibu ya maabara yamkute kazini.