Mkono Upi, na Unauma Tangu Lini?

Tuseme mama wa mtaa wa Buyenzi, Bujumbura, ameanguka, na anamwambia muuguzi: "Mkono unaniuma." Kwa Kiswahili, mkono unaanzia begani mpaka kwenye kucha. Lakini ombi la picha linajazwa kwenye kompyuta kwa Kifaransa, lugha yenye neno moja la kiganja na jingine la mkono wa juu. Anayejaza akichagua kiganja, eksirei itapigwa kiganja, na mfupa uliovunjika kwenye kiwiko utabaki nje ya picha. Ripoti itasema hakuna mvunjiko, na kwa picha ile itakuwa imesema kweli.

Hospitali kadhaa za Burundi zinatumia OpenClinic GA, mfumo huria wa kompyuta wa taarifa za hospitali, ulioanzishwa na mtaalamu wa Ubelgiji, Frank Verbeke. Faida yake siikatai: mwandiko wa daktari hausumbui tena, na malipo yanafuatilika. Tangu 2006 Serikali inagharamia matibabu ya watoto walio chini ya miaka 5 na huduma za uzazi, na hospitali haiwezi kudai fedha hizo bila kuonyesha nani alitibiwa nini. Jina, umri na bei vina mtu wa kuvifuatilia. Maelezo ya ugonjwa hayamlipi yeyote, na ndiyo maana ni rahisi sana kuyamaliza kwa neno moja: "maumivu".

Neno hilo linagharimu. Kivuli kwenye ncha ya juu ya pafu, kwa mtu anayekohoa wiki tatu, anayekonda na kutoka jasho usiku, kinamfanya daktari wa picha afikirie kifua kikuu. Kivuli hichohicho kwa mtu aliyetibiwa kifua kikuu miaka kumi iliyopita huenda ni kovu tu. Picha haibadiliki, kinachobadilika ni habari iliyoandamana nayo. Vivyo hivyo kwenye skana: asiyeambiwa kwamba figo za mgonjwa ni dhaifu anaweza kumchoma dawa ya iodini inayoweza kuzidi kuziumiza.

Wapo wanaotaka kompyuta ikatae kila ombi lisilo na maelezo. Siafiki. Mwenye foleni mlangoni ataweka nukta, au atanakili maelezo ya wiki jana, na pengo lililokuwa wazi litageuka uongo unaosomeka vizuri. Hata Marekani ilipitisha sheria mwaka 2014 kwamba daktari wa mgonjwa wa Medicare, bima ya afya ya serikali hasa kwa wazee, apitie programu ya ushauri kabla ya kuagiza skana. Utekelezaji uliahirishwa mara kadhaa, na mwaka 2024 ukasimamishwa, kwa kuwa wasimamizi hawakupata njia ya kuhakiki taarifa za ushauri huo wakati wa kulipa madai.

Ninachokitaka ni kidogo. Ombi liandikwe na yule aliyemgusa mgonjwa, nalo liwe na swali: mfupa umevunjika? kuna maji kwenye pafu? Na fundi wa eksirei apewe ruhusa ya kumuuliza mgonjwa upya, kwa Kirundi au Kiswahili, alirekebishe ombi kabla ya kupiga picha, jina la fundi huyo likibaki kwenye mfumo. Dakika mbili za kuuliza ni nafuu kuliko picha ya pili, ambayo mgonjwa huenda akailipia mwenyewe.

Nawe msomaji, ukiingia chumba cha picha, usingoje kuulizwa. Weka kidole panapouma, useme tangu lini, na kama una mimba au ugonjwa wa figo, liseme hilo kwanza.