Jumba la kifahari, lakini nani atalala wapi?

Msomaji mpenzi, siku moja mkubwa wako wa kazi atakuita afisini mwake, afunge mlango, akuambie kwamba kampuni imepata faida nzuri na kwa hivyo wafanyikazi wote watapelekwa pwani kwa siku tatu. Hataki hoteli. Hoteli zimemchosha, kila mtu hujifungia chumbani na ufunguo wake. Anataka jumba la kifahari lenye kidimbwi cha kuogelea, mkae pamoja kama jamii moja, asubuhi mpange kazi ya mwaka ujao na jioni mle samaki. Kisha atakuambia, "Wewe una jicho zuri. Tafuta nyumba."

Utatoka mle ukitembea kama bwana harusi. Mimi nilitoka hivyo hivyo.

Hayo yalinipata mwaka wa 2018, katika afisi niliyokuwa nikifanya kazi kabla ya hii ya sasa. Tulikuwa watu 14, kuanzia mkurugenzi hadi dereva na mama aliyekuwa akitupikia chai. Tulichaguliwa watatu tutafute nyumba Diani, na kwa muda wa wiki nzima hatukufanya kazi nyingine ila kutazama picha. Na picha zenyewe zilivutia kwelikweli! Paa la makuti lililopanda juu kama kilima, nguzo nyeupe, samadari za kuchongwa zenye vyandarua vyeupe, na kidimbwi ambacho ungedhani maji yake yameungana na Bahari Hindi. Nyumba ilikuwa na vyumba saba vya kulala. Nikagawanya 14 kwa saba, nikapata wawili wawili, nikawaambia wenzangu tumefika. Tukalipa.

Swali moja tu hatukuuliza. Katika vyumba hivyo saba, mna vitanda vingapi?

Vilikuwa saba. Kila chumba kilikuwa na kitanda kimoja kikubwa, kizuri ajabu, cha mtu na mkewe. Mwenye nyumba hakutudanganya hata kidogo. Aliandika kwamba nyumba yake inalala watu 14, na ni kweli, ikiwa hao 14 ni wake na waume. Nyumba nyingi za aina hiyo katika pwani yetu zilijengwa kwa ajili ya watu na jamaa zao wakienda likizo. Sisi tulipeleka huko watu ambao jambo lililowaunganisha lilikuwa mshahara.

Hebu fikiria, msomaji, ni saa mbili usiku. Tumetoka Nairobi kwa gari la moshi, tumeshuka Miritini, tumevuka Likoni kwa feri na kusongwa na umati, tumefika tumechoka hoi. Mizigo iko chini barazani na watu wamesimama wakitazamana. Mkurugenzi amekwisha panda ghorofani kwenye chumba kinachotazama bahari, peke yake, kama inavyotarajiwa. Basi vyumba vimebaki sita na watu 13. Nikamwendea dereva wetu, mzee wa heshima zake, ambaye safari hiyo naye alikuwa abiria, nikamweleza kwa sauti ya chini kwamba atalala na karani wa hesabu.

"Kijana wangu," akaniambia, "mimi nina wajukuu. Tangu nioe sijalala kitanda kimoja na mwanamume mwingine isipokuwa kwenye matanga. Nani amekufa hapa?"

Akachukua blanketi akaenda kulala ndani ya gari tulilokodi. Mimi nililala sebuleni kwenye kochi, na mbu walinifanyia kama nilivyostahili. Mabinti wawili wa idara ya mauzo walipewa chumba cha chini ambacho mlango wake haukuwa na kitasa cha kufunga, kwa sababu mwenye nyumba alikuwa akikitumia kwa watoto. Usiku huo waliegemeza kiti mlangoni. Walitueleza asubuhi wakicheka, lakini haikuwa kicheko cha raha. Sheria yetu ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri mwenye wafanyikazi 20 au zaidi awe na sera iliyoandikwa ya kuwakinga dhidi ya kusumbuliwa kimapenzi. Sisi hatukufika 20, lakini mlango usiofungika haungoji idadi.

Na mama wa chai? Yeye alipelekwa nyuma ya jikoni, katika chumba cha wafanyikazi wa nyumba. Hakuna aliyetoa amri. Ilitokea tu, kama maji yanavyofuata mkondo. Nilipomwomba radhi alisema, "Haidhuru, mwanangu." Alfajiri nilisikia vikombe vikigongana. Nyumba ilikuwa na mpishi wake, lakini mama alikuwa ameamka kabla yetu sote anatupikia chai. Safari ilikuwa ya wafanyikazi wote kupumzika, naye peke yake alikuwa zamuni.

Hata hivyo, msomaji, hayo yote si kitu nikikumbuka yule ambaye hakuja kabisa. Dada yetu wa mapokezi alikuwa na mtoto wa miezi mitano anayenyonya. Kabla hatujalipa aliniuliza kama kutakuwa na pahali pake, mtoto na yaya. Nikamwambia nitaangalia. Niliangalia nini? Niliangalia picha za kidimbwi. Baada ya siku mbili nikamwambia nyumba imejaa, akasema sawa, akabaki Nairobi kupokea simu. Siku ya pili kule Diani, chini ya makuti yale, mkurugenzi aligawa kazi za tawi jipya tulilokuwa tukifungua. Cheo cha kusimamia wateja, ambacho dada huyo alikuwa amekingoja miaka mitatu na ambacho kila mmoja alijua anakiweza, kilipewa mtu aliyekuwa ameketi pale. Jina lake halikutajwa. Asiyekuwepo na lake halipo, walisema wahenga, na mimi ndiye niliyesababisha asiwepo. Nilikuwepo mkutanoni, nikanyamaza.

Sasa nikugeukie wewe, maana huenda kazi ya kutafuta nyumba iko mezani pako hivi leo. Kabla hujatazama picha yoyote, chukua karatasi uandike majina ya watu wote watakaosafiri, ukianzia chini. Anza na mama wa chai, umalizie na mkurugenzi. Mbele ya kila jina andika chumba na kitanda. Jina moja likikosa kitanda, nyumba hiyo si yenu, hata kama inaelea juu ya bahari. Mwenye nyumba usimwulize inalala watu wangapi. Mwulize ina vitanda vingapi, vya upana gani, na kama vipo viwili vilivyosongezwa pamoja na kutandikwa shuka moja, maana hivyo vyaweza kutenganishwa. Uliza pia kama kuna chumba ambacho lazima mtu akipite ili afike kingine, bafu ni ngapi, na milango ipi haifungiki kwa ndani. Ukiwa na mama mwenye mtoto mchanga, chumba chake na cha yaya ndicho cha kwanza kutafutwa, si cha mwisho.

Kidimbwi nacho kina mambo yake. Kwenye hoteli kubwa mara nyingi huwa kuna mtu wa kuwaangalia waogeleaji. Kwenye jumba la kukodi usitarajie mtu huyo, na wengi wetu tuliolelewa bara hatujui kuogelea ingawa hatupendi kukiri mbele ya wenzetu. Kijana wetu wa stoo alirukia upande wenye kina kirefu kwa sababu hapakuwa na alama, na aliyemtoa ni mtunza bustani aliyeacha fagio akajitupa na nguo zake. Waza kuhusu Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007 kabla hujachagua kidimbwi cha kupigia picha. Mwajiri aliyeamuru safari na kuilipia atapata taabu kumshawishi hakimu kwamba haikuwa kazi. Uliza kina cha maji, na umkodi mwogeleaji kwa siku hizo.

Bahari yenyewe ina saa zake, wala haimtambui mkurugenzi. Ratiba yetu ilisema saa nne asubuhi watu waende kuogelea. Saa nne bahari haikuwepo! Zilikuwa siku za bamvua, mwezi karibu kuwa mpevu, na wakati huo maji hupwa asubuhi yakaacha mchanga na mawe mpaka karibu na miamba, kisha hujaa alasiri. Kati ya kujaa na kupwa, tofauti huweza kuzidi mita tatu. Mpishi alitutazama tumesimama na taulo zetu mabegani, akatuuliza kwa upole kama huko bara hakuna kalenda. Watu wa pwani wanajua haya tangu utotoni. Mpigie simu mtunza nyumba kabla hujapanga ratiba.

Na huyo mpishi usimsahau. Nyumba nyingi za Diani hukodishwa pamoja na mpishi, msafishaji na askari, nanyi mnanunua chakula. Ni mpango mzuri, samaki huletwa hadi mlangoni kwa baiskeli. Lakini mtu mmoja kuwapikia 14 mara tatu kwa siku ni kumwua. Uliza amezoea watu wangapi, na mtenge fedha za msaidizi na za kuwashukuru mkiondoka. Mkiambiwa msiache mandazi barazani, sikieni. Yetu yaliibwa na tumbili mbele ya macho yetu. Baadhi yetu tulimlaumu mbega, yule mweusi mwenye manyoya marefu meupe, tukamwonea bure, kwani chakula chake ni majani.

Kuhusu pahali pa mkutano sina mengi. Baraza la wazi lapendeza kwenye picha, lakini upepo wa kusi ulipeperusha mipango yetu ya mwaka mzima hadi kwenye michongoma. Tafuteni meza inayotosha wote, ndani, na feni inayozunguka. Uliza kama kuna jenereta. Hakuna aliyesahau Ijumaa ile ya Agosti 25, 2023 umeme ulipopotea karibu nchi nzima.

Mhasibu wako atataka stakabadhi, naye ana haki. Tangu 2024, gharama za biashara zisizo na ankara ya eTIMS hazikubaliwi na KRA katika hesabu za kodi. Basi mwenye nyumba anayekwambia "nitumie kwa simu tu, stakabadhi tutaona" mwache na jumba lake. Uliza kama bei imejumuisha ushuru wa VAT wa asilimia 16. Omba kuona leseni ya utalii, na usitume malipo ya kwanza kabla mtu unayemwamini hajasimama kwenye lango hilo akaligusa. Wapo waliolipia nyumba za watu wengine. Miezi ya Aprili hadi Juni bei hushuka, ila ujue kwamba masika hunyesha wakati huo.

Jambo jingine ni siku zenyewe. Sisi tuliondoka Alhamisi tukarudi Jumapili usiku, na Jumatatu saa mbili asubuhi tulikuwa mezani. Sheria hiyo hiyo ya Ajira inampa mfanyikazi angalau siku moja ya mapumziko katika kila siku saba. Wakubwa husema kwamba kukaa kando ya bahari ndiko kupumzika. Waulize wake na waume waliobaki nyumbani na watoto. Mke wa mwenzetu mmoja alipoona picha za vitanda vile kwenye simu ya mumewe, na kusikia kwamba tulilala wawili wawili, alitaka kujua huyo wa pili ni nani. Jamaa alilazimika kumpigia simu karani mwenzake saa nne za usiku aje athibitishe.

Mwezi uliopita nilipewa kazi hii tena, katika afisi ninayoitumikia sasa. Safari hii hatukutafuta Diani peke yake. Tulitazama Naivasha pia, ambako hakuna nauli ya gari la moshi, lakini nyumba iliyotuvutia ilikuwa kando kabisa ya ziwa, na mimi nakumbuka jinsi maji yale yalivyopanda mwaka wa 2020 yakaingia majumbani mwa watu. Mwishowe tumepata nyumba Diani, mwendo wa dakika kumi kutoka ufuoni, ya chini isiyo na ngazi. Ina vyumba tisa na vitanda 18 vya mtu mmoja mmoja. Kila mlango una ufunguo. Kidimbwi chake ni kidogo, maji yanafika kifuani. Na siku hizi mtu akitoka Miritini anaweza kupitia Dongo Kundu asipande feri.

Mkubwa wangu alitazama picha akakunja uso. "Hii si kama bweni la shule?" akauliza. Nikampa ile karatasi yenye majina, iliyoanza na mama wa chai. Aliisoma polepole mpaka akafikia jina lake mwenyewe, chini kabisa, chumba cha tisa, akiwa na mhasibu. Akachukua kalamu. Nilidhani atajifuta. Aliandika kando: "Mhasibu anakoroma. Nibadilishieni."

Yule dada wa mapokezi tulikutana juzi mjini. Aliacha kazi kule mwaka uliofuata, sasa ana duka lake, na mtoto yule ni mkubwa, anakwenda shule. Tulisalimiana vizuri. Kisha akaniuliza kama bado natafutia watu nyumba.